Mstari Ndani ya Sufuria

Ungefika kijijini kwao, hapo mbele kidogo ya Issuna, ukauliza nani anajua kuchemsha maji, ungeelekezwa kwa Agripina, mke wa Gaspari. Wenzake walichemsha mtoto akiharisha, au mhudumu wa afya akipita nyumba kwa nyumba na kalamu yake. Agripina alichemsha kila siku ya Mungu, kuni ziwepo zisiwepo. Na hakuwa mtu wa kuridhika na mchemko wa kwanza. Maji yanatokota, mfuniko unacheza, yeye anachochea tu.

Ndani ya sufuria yake kubwa alikwaruza mstari kwa msumari, katikati kabisa. Maji yanajazwa pomoni, yanachemshwa mpaka yashuke mstarini, hapo ndipo yanaitwa ya kunywa. Mlinzi wa mstari alikuwa Eliana, binti yake wa pekee, wa miaka sita. Aliketi kwenye kigoda karibu na mafiga, anachungulia na kutangaza, "Mama, bado. Bado kidogo. Haya, yamefika!" Akisema yamefika, mama yake anaepua, anaacha yapoe, anayachuja kwa kitambaa cheupe. Majirani walisema yule mwanamke atamaliza miti ya wilaya nzima. Yeye aliwajibu kwamba wao wanapenda kuni kuliko watoto.

Maskini, alikuwa na sababu. Miguu ya Eliana ilikuwa inapinda. Ilianza mtoto alipokaribia miaka minne, magoti yakaachana, hatua ikawa ya kuyumba. Bibi yake alisema alisimamishwa mapema. Kituo cha afya walimpa vidonge, vikaisha, wakampa vingine. Meno nayo yaliota na madoa ya kahawia. Agripina alijiambia kwamba mtoto huyu ana kitu kinachomwingia, na kama kinamwingia, kinapita mdomoni. Kwa hiyo akachemsha. Kisha mwezi wa sita Gaspari, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, alirudi kutoka semina mjini akasema tu, "Maji yetu yana madini kidogo." Hakueleza zaidi. Kesho yake Agripina alichukua msumari akachora ule mstari.

*

Mwezi wa kumi, jua likiwa limekausha hadi majani ya minyaa, kijana mmoja aitwaye Idrissa, mtumishi wa maji kutoka wilayani, alishuka kwenye bodaboda pale bombani na kopo la rangi nyekundu. Hakumwita mtu. Alikoroga rangi kwa kijiti akaanza kuandika ukutani.

Foleni ilikuwa ndefu. Agripina alikuwa mbele, maana mke wa mwenyekiti hupishwa hata kama hajaomba, na Eliana alikuwa amemshika kanga. Nyuma kabisa alisimama Swaumu, ambaye wote walimwita Mama Rahimu. Bombani alifika mara chache tu, siku za kufua. Juu ya kichwa chake ulipita waya wa kutundikia ndoo. Hiyo ilikuwa sheria yao wenyewe, waliyoitunga baada ya mwaka ule wa kipindupindu: ukikamatwa unachota maji ya mchangani mtoni kwa ajili ya kunywa, ndoo yako inachukuliwa, inatundikwa bombani, mpaka uje mwenyewe mbele ya watu uombe radhi. Ndoo ya Swaumu ndiyo iliyowahi kukaa pale siku nyingi kuliko zote.

"Kijana, unatuchorea nini?" aliuliza Mzee Mughwai, ambaye alikuja kunywesha punda wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unachora nini?"

"Tangazo, mzee. Maji haya si ya kunywa wala kupikia. Kuoga, kufua, mifugo, hayo hayana shida."

"Tangu lini?"

Idrissa aliweka brashi juu ya kopo. Alionekana ameshalijibu swali hilo vijiji vingine, na halijawahi kumwendea vizuri. "Kiwango kimebadilishwa. Zamani iliruhusiwa floridi, yale madini, miligramu nne kwa lita moja. Sasa mwisho ni moja na nusu. Kisima chenu kinasoma tatu na nusu."

"Kwa hiyo maji yamebadilika?"

"Hapana mzee. Maji ni yale yale. Kiwango ndicho kilichobadilika."

"Loo! Yaani zamani nikinywa nakunywa maji safi, leo nikinywa nakunywa sumu, na kisima ni hicho hicho?"

Watu walicheka. Idrissa hakucheka. "Hata zamani hayakuwa mazuri," alisema. "Ila ilionekana kwamba watu wa huku wana shida ya maji, bora hayo kuliko kukosa kabisa."

"Ilionekana na nani?"

Kijana aliitazama brashi yake. Kicheko kilikatika chenyewe, na punda wa mzee akaendelea kunywa.

"Sasa tufanyeje?" mama mmoja aliuliza.

Idrissa alieleza. Kuna mpango wa kutafuta kisima kingine chenye floridi ndogo, kichanganywe na hiki. Fedha bado. Kuna na njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa, hiyo inaweza kuanza mapema.

"Mifupa ya nini?" Swaumu aliuliza kutoka nyuma.

"Ya ng'ombe, mama."

"Aliyechinjwa na nani?"

"Mama, inachomwa mpaka inakuwa mkaa kabisa."

"Hata ikiwa majivu. Kitimoto naye ana mifupa, na nyie mnaokota machinjioni."

Hapo zogo likapanda, Waislamu wakimuunga mkono Swaumu na Wakristo wakiuliza kama watakufa kwa ajili ya mfupa. Idrissa aliinua mkono, akasema jambo ambalo alidhani litawatuliza. "Jamani, haya si mageni. Wenyeviti wote walielezwa kwenye semina mwezi wa sita. Mwenyekiti wenu hakuitisha mkutano?"

Macho yote yakamgeukia Agripina. Gaspari mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameamkia shambani kabla bodaboda haijafika, na sasa watu walianza kuelewa kwa nini. Agripina alihisi uso unamwaka moto. Alikuwa mwanamke wa kutetea nyumba yake, akatafuta la kusema, akalipata lile alilokuwa na uhakika nalo kuliko yote duniani.

"Kelele za nini sasa?" alisema kwa sauti. "Mambo ya mifupa yametoka wapi? Si tuchemshe tu! Redio inasema kila siku, hamsikii. Mimi nachemsha mpaka yanabaki nusu. Mwanangu hajui ladha ya maji mabichi."

Idrissa alimtazama, kisha akamtazama mtoto aliyeshika kanga. Aliyaona magoti. Alipozungumza alishusha sauti, ila foleni yote ilimsikia.

"Yanabaki nusu, mama?"

"Nusu kamili. Nina mstari."

"Mama, kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi si mdudu. Haiendi na mvuke, inabaki kwenye sufuria." Aliona bado hajaeleweka. "Ukisahau mchuzi jikoni ukakauka, chumvi inapungua?"

Hakuna mwanamke pale ambaye hakuwahi kuunguza mchuzi.

"Ile tatu na nusu," alisema Idrissa, "ukiichemsha ibaki nusu, unakuwa umemnywesha saba."

"Yesu wangu," mtu alisema. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Agripina angejua la kufanya na kicheko.

"Na miguu yake?" aliuliza mwishowe.

"Mimi ni mtu wa maji, si daktari. Lakini tunaambiwa mtoto akiachishwa maji haya mapema, akiwa bado anakua, mifupa inaweza kunyooka kiasi. Meno hayarudi. Ila asinywe tena, mama. Wala uji, wala chai, hata kikombe. Na magadi kwenye mlenda acha, nayo yana floridi."

"Ya mchangani je?"

"Tulipima tulipopita. Floridi yake ndogo sana. Ila yana vijidudu. Yachemshe yatokote tu, basi, epua."

Agripina aliinua ndoo yake iliyojaa. Akaenda nayo hatua chache, akasimama, akaimwaga. Maji yalienda yakigawanyika kati ya miguu ya watu waliokuwa kwenye foleni, na wote wakasogea kuyapisha.

*

Gaspari alirudi jua limeshainama, anasukuma baiskeli. Habari zilishampata njiani. Alimkuta mkewe ameketi mlangoni, sufuria kubwa iko mbele yake tupu, mtoto amelala ndani na kiu kwa sababu hapakuwa na maji ya kumpa.

"Ulijua," alisema Agripina.

"Nilijua habari ya kiwango. Ya kuchemsha sikujua. Haki ya Mungu, Mama Eliana, hiyo sikujua."

"Hawakusema?"

Gaspari aliegemeza baiskeli ukutani, ikateleza, akaiegemeza tena. "Huenda walisema. Mchana walikuwa wanatuita nje mmoja mmoja kusaini posho. Mimi niliitwa nikakaa, jina langu walilikosea. Niliporudi ndani walikuwa wanafunga kwa sala."

Posho ile Agripina aliikumbuka. Gaspari alirudi nayo siku hiyo imeshakuwa sufuria, sufuria kubwa ya chuma kizito, akamwambia, "Naona unavyohangaika na kile kisufuria chako." Alifurahi siku ile mpaka akaita majirani waione. Sasa wote wawili waliitazama.

"Kwa nini hukuitisha mkutano?"

"Nilisema ningoje mvua. Watu wakisusa bomba, hela ya fundi itatoka wapi? Pampu ikifa, wote watarudi mchangani, kipindupindu kije tena. Umesahau tulivyokuwa tunazika? Na mimi ndiye niliyewavuta kwenye hili bomba. Mimi ndiye niliyetundika ndoo za watu."

"Sawa. Usiwaambie wao. Ungeniambia mimi."

Gaspari aliinama akapapasa mnyororo wa baiskeli.

"Baba Eliana, mimi ni mkeo. Ungeninong'oneza tu, 'Usimpe mtoto.' Maneno mawili."

"Ungeacha kuchota," alisema Gaspari, na aibu ilimfanya aseme polepole. "Na wewe ukiacha kuchota, kijiji kingeuliza, mbona mke wa mwenyekiti haonekani bombani."

Hilo ndilo lililokuwa chini ya mengine yote, na lilikuwa dogo mno. Agripina alitamani angemdanganya, atafute sababu kubwa kidogo, inayofanana na miguu ya mtoto.

"Kila siku ulinikuta nachochea," alisema.

"Nilidhani hakina ubaya. Nilijiambia, huyu anaangalia mtoto vizuri, labda Mungu atasaidia hapo." Alivua kofia yake. "Yaliyopita si ndwele, mama..."

"Usinipe methali. Katafute wanaohitaji methali."

Gaspari alikaa chini, palepale vumbini, mwanamume mzima. Alilia bila sauti. Agripina alimwacha. Hakuwa na nguvu ya kumwonea huruma, na ya kumlaani pia ilikuwa imemwishia, maana kila alipotaka kusema 'umemuua mtoto wangu' alikumbuka ni mkono wa nani ulioshika kikombe.

*

Kabla ya jua kuchomoza aliteremka mtoni. Mto wao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Maji yako chini, unayafukua. Kila nyumba inayochota pale ina shimo lake, imelizungushia miiba, na hakuna mtu anayechota shimo la mwenzake bila kuomba. Hiyo haikuandikwa mahali, lakini hata walevi wanaiheshimu. Nyumba ya Agripina haikuwa na shimo. Walilifukia wenyewe mwaka bomba lilipofunguliwa, Gaspari akapigiwa makofi.

Akaanza kufukua kwa bakuli. Mchanga ulikuwa unaporomoka kila alipofika kiunoni. Alipopata unyevu mikono ilikuwa imechubuka, na kilichokuwa chini kilikuwa tope la kujaza kiganja.

"Hapo hupati," sauti ilisema juu yake. "Hapo kuna jiwe."

Alikuwa Swaumu, na ndoo yake ya njano. Mpini wake ulikuwa umekatika zamani, mahali pake amefunga kamba ya katani. Agripina aliijua ndoo ile. Aliipita ikiwa juu ya waya, asubuhi na jioni, na siku moja alisema kwa sauti wenzake wasikie, kwamba wengine wanazaa kisha wanawanywesha watoto maji ya fisi.

"Za asubuhi, Mama Rahimu."

"Nzuri tu."

Agripina alitoka shimoni, mchanga umemjaa hadi kwenye nywele. Alipiga goti. Hakuwa amepanga.

"Inuka bwana," Swaumu alisema kwa ukali. "Unanipigia goti mimi ni padri?"

"Naomba maji ya mtoto. Kidumu kimoja tu."

"Ndoo yangu ilikaa pale bombani wiki mbili."

"Najua."

"Wiki mbili nilikuwa nachotea sufuria ya kupikia. Ulikuwa unapita."

"Nilikuwa napita."

"Na uliyosema nilisikia. Rahimu naye alisikia, alikuwa nami." Swaumu aliondoa miiba kwenye shimo lake, mmoja mmoja, bila haraka. Chini kulikuwa na maji, yametulia, yanaonyesha mchanga wake. "Siku ile nilikulaani, nisikufiche. Ila sikumlaani mtoto."

Agripina alishindwa kujizuia. "Ulijuaje, Mama Rahimu? Watoto wako miguu imenyooka. Nani alikuambia?"

Swaumu aliacha kuchota, akamgeukia kwa mshangao wa kweli. "Nijue nini? Sikujua kitu. Ndoo bombani shilingi hamsini, na mimi nina watoto watano na mwanamume aliyekwenda Mitundu kuchoma mkaa hajarudi. Nilikosa hela tu, mwenzangu. Ningekuwa nazo ningechota kama nyie, na ningechemsha kama wewe."

Alijaza kidumu cha Agripina hadi juu, akamsaidia kujitwisha. Kisha akasema, huku akirudisha miiba mahali pake, "Njoo na kesho. Ila mumeo asikanyage hapa." Agripina alishukuru. Swaumu alikuwa ameshainamia ndoo yake.

*

Nyumbani aliwasha moto. Kile kisufuria cha zamani kilishapata matundu, kuku walikuwa wanakilalia, kwa hiyo hakuwa na cha kuchemshia isipokuwa ile kubwa. Aliisugua kwa mchanga mara mbili, lakini mstari haukutoka. Ulizidi kung'aa.

Eliana aliamka kwa kusikia moto. Alitoka nje akiyumba kwa mwendo wake ule, midomo imekauka, akaburuta kigoda akaketi mahali pake pa kazi. Gaspari alikuwa amesimama mbali kidogo, karibu na zizi, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Maji yakatokota. Agripina akaepua papo hapo.

"Mama, bado!"

"Leo yametosha, mwanangu."

"Hayajafika mstarini." Eliana alisimama akachungulia vizuri, asije akamsingizia mama yake. "Ona, yako huku juu kabisa."

"Haya ni maji mengine. Haya hayahitaji kufika."

Aliyapoza kwa kumimina toka kikombe hadi kikombe, akampa. Mtoto alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kiu ilionekana hadi kwenye koo lake, lilipanda na kushuka. Hakunywa.

"Ulisema mtu akinywa hayajafika, anaumwa."

"Nilisema."

"Ulisema miguu haitapona."

Agripina alitaka kueleza. Alitafuta pa kuanzia, akakosa, maana kila neno alilolitafuta lilikuwa lilelile alilolitumia kumfundisha. Alichukua kikombe akanywa nusu mbele yake, akamrudishia. "Ona, nimekunywa. Kunywa, mama yangu. Nakuomba."

Eliana alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mwenzake aliyechoka na kazi. Akayarudisha maji sufuriani taratibu, asimwage hata tone. Kisha akainama kwa shida, magoti yake yakiwa mbalimbali, akaokota kuni iliyokuwa bado inafuka moshi, akaisukuma katikati ya mafiga.

"Wewe pumzika, mama," alisema. "Mimi nitachochea."